Waya wa Njano

Tangu kiharusi kimpige mwaka jana, baba yangu amebaki na neno moja. Neno lenyewe ni bado.

"Shikamoo baba."

"Bado."

"Umeshakula?"

"Bado," na huku ubwabwa uko shavuni. Wajukuu wameshalifanya mchezo. Wanamwuliza, babu, wewe ni mzee? Anawajibu bado, wanacheka mpaka wanakaa chini, na yeye anacheka nao kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Daktari alitueleza kwamba kuna wagonjwa ambao kiharusi kikigusa sehemu ya ubongo inayotunga maneno, hubakiwa na neno moja tu, na kila wanachotaka kusema kinatokea kwenye tundu hilohilo. Akasema pia kwamba baba anaelewa. Tuliitikia kwa vichwa, kama watu waliosikia.

Nilikwenda Tanga kukaa nao wiki mbili ili mama apumzike. Tatizo kubwa lilikuwa usiku. Taa ikizimwa baba anahangaika, anapapasa shuka, anataka kuinuka. Ikiwashwa, halali, kwa sababu ubavu anaoweza kulalia ndio unaotazama taa. Mama alikuwa ameshaanza kufunika taa ya mezani kwa kanga ili mwanga upungue. Baba alikuwa fundi umeme kiwandani kwa miaka zaidi ya ishirini. Angekuwa na ulimi wake, kanga ile isingekaa juu ya taa hata dakika moja.

Mimi nikasema dawa ni dima. Ndivyo dukani wanavyoiita ile swichi yenye kirungu cha kuzungusha, unaongeza mwanga au unaupunguza. Wakubwa wenzangu watakumbuka kwamba jambo lenyewe si geni. Kwa bibi, Muheza, chemli ilikuwa na kigurudumu ubavuni, ukikizungusha utambi unapanda, ukikirudisha unashuka, na kila usiku kabla ya kulala bibi alipaza sauti kutoka chumbani kwake: punguzeni utambi, mnamaliza mafuta. Dima ni kigurudumu cha chemli kilichohamia ukutani. Katikati hapa ndipo tuliishi miaka na taa zinazojua mambo mawili tu, kuwaka na kuzimika.

Nikanunua yenye kava ya chuma inayong'aa, kwa sababu ilikuwa nzuri. Nataka niliseme hili mapema: niliichagua kwa uzuri.

Sasa, chumba cha baba kina swichi mbili za taa moja, ya mlangoni na ya kando ya kitanda. Unawasha ukiingia, unazima ukiwa umeshalala. Siku hizi hakuna anayeshangaa, lakini nyumba ile ilipowekwa umeme mwaka 1987, baba mwenyewe akipitisha nyaya kwenye paipu, majirani walikuja kuangalia. Sisi watoto tulikuwa tunasimama mmoja mlangoni mmoja kitandani, huyu anawasha yule anazima, mpaka mama atufukuze. Waya ulikuwa wa shida miaka ile. Roli moja ilitoka Mombasa, nyingine sijui ilitoka wapi, na baba aliipima kila futi kama mtu anayepima kitambaa cha sanda.

Kaka zangu wawili aliwafundisha kazi. Mimi kazi yangu ilikuwa kumulika tochi. "Mulika hapa, usimulike usoni kwangu." Nimemulika tochi utoto wangu wote, nimeona migongo ya swichi nyingi kuliko wasichana wengi, na sikuwahi kupewa bisibisi. Leo nahariri vitabu. Nalipwa kusoma alichoandika mtu na kuhakikisha ndicho alichotaka kusema.

Jumamosi asubuhi nikazima meni swichi, nikaenda kando ya kitanda, nikafungua swichi ya zamani. Baba alikuwa ameegemezwa mito, ananitazama. Ndani ya boksi la chuma lililofukiwa ukutani kulikuwa na nyaya tatu: nyekundu, njano, bluu. Kila ncha ilikuwa imezungushiwa kipande cha tepu nyekundu, kimeshachakaa, kinanata vumbi. Nikavibandua vyote vitatu, nikasafisha ncha kwa kitambaa. Nikajisikia fundi.

Halafu nikasoma rangi. Nilikuwa nimetazama video usiku uliotangulia, najua kwamba nyaya za siku hizi laivu ni kahawia, nyutro ni bluu, ethi ni kijani chenye mstari wa njano. Na najua kwamba zamani laivu ilikuwa nyekundu. Basi mbele yangu nikaona sentensi iliyokamilika. Nyekundu: laivu. Bluu: nyutro. Njano: ethi, labda zamani hawakuwa na ule mstari wa kijani. Dima ilikuwa na matundu matatu ya nyaya, na pembeni yake skrubu ya ethi iliyoshikana na kava ya chuma. Kikaratasi chake kilikuwa na Kichina na Kiingereza cha shida. Nikaweka nyekundu kwenye tundu la kwanza, bluu kwenye la pili, la tatu nikaliacha wazi. Njano nikaifunga kwenye skrubu ya kava.

"Bado," baba akasema.

"Naona baba, namalizia."

"Bado. Bado!" Akagonga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto. Akaonyesha chini ya kabati, lilipo sanduku lake la vifaa, ambalo mama amekataa kulitoa. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: nisiguse kazi yake. Miaka arobaini imepita na bado hataki nishike bisibisi. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuipenda hata nilipokuwa naitoa, "Baba, na mimi nimeshakuwa mtu mzima." Akanyamaza. Nikakaza skrubu, nikaenda kuwasha meni.

Ikafanya kazi. Yaani taa iliwaka, nikazungusha kirungu, mwanga ukapungua. Mama alipiga kigelegele kifupi. Ila balbu ilikuwa inatetemeka kama kope ya jicho lililochoka, na inalia, sauti nyembamba kama ya mbu. Ukishusha zaidi ya nusu inakata ghafla, giza.

Hapo ndipo nilipoingia kazini kwa nguvu zote. Nikasoma kila nilichopata kuhusu dima, na kwa kweli ni kitu cha kupendeza. Zamani taa zilipunguzwa kwa kuweka kizuizi njiani, kinameza sehemu ya umeme na kuugeuza joto, kwa hiyo ulikuwa unalipia mwanga usiouona. Dima ya nyumbani tunayoijua ilianza kwa Mmarekani aitwaye Joel Spira, New York, mwaka 1959. Yenyewe haizuii, inakata. Umeme wetu unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na kila mzunguko una nusu mbili. Dima inanyofoa kipande cha kila nusu, mara 100 kila sekunde, na kadiri unavyozungusha kirungu ndivyo inavyonyofoa kipande kikubwa. Balbu ya zamani, ile ya kiuzi, haijali kitu. Kiuzi kimeshapata moto, hakina muda wa kupoa kabla ya kipande kinachofuata, kwa hiyo macho yako yanaona mwanga uliotulia. Balbu ya LED ina kisakiti kidogo ndani ya kitako chake kinachotarajia kuletewa umeme mzima. Ukikiletea vipande, kama hakikutengenezwa kwa ajili hiyo, kinachanganyikiwa. Na tena dima nyingi zinataka mzigo wa kutosha ndipo zitulie. Boksi la yangu liliandikwa kuanzia wati 40. Balbu yetu ilikuwa wati 9.

Nikatafuta stoo nikapata balbu ya kiuzi ya wati 60, ya enzi hizo, ina kutu shingoni. Nikaifunga. Kimya. Mwanga ukashuka taratibu mpaka rangi ya chungwa lililoiva, halafu rangi ya kaa. Sikuwa nimefurahi hivyo siku nyingi. Nikampigia kaka yangu Dar anitumie kwa basi LED zilizoandikwa kwamba zinapunguzwa mwanga, pamoja na dima inayoanzia wati chache, zile zinazokata mwisho wa wimbi badala ya mwanzo, ambazo LED huelewana nazo zaidi. Akaniuliza, nyaya ulizipima? Nikamwambia nyaya hazina tatizo, tatizo lilikuwa balbu, nimeshaligundua.

Usiku ule baba alilala. Nawaambia ukweli, alilala mpaka alfajiri, na mama pia. Mimi nilikaa kwenye kiti kando yake nikisoma kile kitabu chembamba cha Tanizaki kuhusu vivuli, cha mwaka 1933. Watu wanakikumbuka kwa sifa anazolipa giza, wanasahau kwamba kinaanza na shida za mwenye nyumba: nyaya za umeme na mabomba uyafiche wapi katika nyumba ya Kijapani bila kuiharibu. Nilitabasamu gizani. Nikajiona nami nimo katika mazungumzo hayo, na dima yangu.

Jumapili mama akaniambia, "Mbona hii ya mlangoni siku hizi haiwashi? Mpaka nije huku kwanza."

Alikuwa na haki. Swichi ya mlangoni ikikaa upande mmoja, dima inafanya kazi. Ukiibonyeza upande wa pili, taa inazima na dima inakufa, uzungushe usizungushe.

"Ndiyo dima zilivyo, mama," nikamwambia.

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi. Mwandishi akiniletea sura ambayo mhusika wake kafariki ukurasa wa 40 na kuonekana sokoni ukurasa wa 90, simwambii kwamba ndiyo riwaya zilivyo. Swichi ya mlangoni ilikuwa inanieleza waziwazi kwamba sijaelewa zile nyaya tatu, na mimi nikaipa udhuru, kwa sababu taa ilikuwa inawaka na mama alikuwa amepiga kigelegele.

Jumatatu mama alipiga deki. Huwa anavua ndala, anaziacha mlangoni, anapiga deki miguu mitupu, na maji ya Tanga hayakauki upesi wakati wa joto. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti na simu. Alipofika kando ya kitanda akaona alama za vidole vyangu kwenye kava inayong'aa. Akalikamua tambara, akanyoosha mkono.

Baba akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, haikuwa hata bado. Akafagia kwa mkono wake wa kushoto kila kilichokuwa juu ya kimeza: kikombe, chupa ya dawa, redio. Kikombe kilimpiga mama kwenye paja. Mama akageuka, mkono ukiwa umebaki hewani, tambara linadondosha maji.

"Baba Zuhura, nini tena jamani?"

Baba alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa ananitazama mimi, na kidole kinaonyesha chini ya kabati.

Safari hii nililivuta sanduku. Juu kabisa, kwenye trei, ilikuwepo testa yake, bisibisi nyembamba yenye kitaa ndani ya mpini. Nikamwambia mama asogee. Nikiwa na ndala zangu miguuni nikaigusisha ncha kwenye skrubu ya kava, kidole gumba juu ya mpini kama nilivyomwona yeye akifanya mara elfu. Kitaa kikawaka. Nikagusa pembe ya kava. Kikawaka. Kava nzima, ile nzuri, ilikuwa na umeme, na ilikuwa nao tangu Jumamosi. Sisi wote tulikuwa tumeishika kwa kirungu tu, na kirungu ni plastiki.

Sikumbuki nilivyofika kwenye meni swichi. Nakumbuka nilipoirudisha chini mkono wangu ulikuwa unatetemeka kuliko ile balbu.

Jioni alikuja kijana wa mtaa wa pili, fundi mwenye leseni, na mita yake. Alifungua, akatazama, hakunicheka, na nilimshukuru kwa hilo.

"Dada, kwenye boksi la swichi usitafute nyutro. Nyumba hizi za zamani nyutro inabaki juu, kwenye taa. Hapa hakuna nyutro, hakuna na ethi. Zote tatu hizi ni za moto."

Akanichorea nyuma ya bahasha. Umeme unatoka kwenye breka unafika swichi ya mlangoni, na hapohapo unaendelea kwa waya wa njano mpaka kitandani. Njano ina moto saa zote, taa iwake isiwake. Bluu inarudi kwenye taa. Nyekundu inaunganisha vitovu vya swichi mbili, na inakuwa na moto au inakosa kutegemea hii ya mlangoni imelalia wapi. Ndiyo maana dima yangu ilifanya kazi upande mmoja tu: niliiweka kati ya nyekundu na bluu, na njano, ambao ndio waya pekee wenye moto usiokatika, nikaufunga kwenye kava. Kwa kuwa baba hakupeleka ethi kwenye maboksi ya swichi, moto ule haukuwa na njia ya kwenda ardhini, na breka haikuwa na sababu ya kuanguka. Ulikaa pale kwenye kava, unasubiri njia.

Nikauliza kwa nini atumie njano na bluu basi, awachanganye watu. Kijana akamtazama baba, akacheka kidogo kwa heshima.

"Mzee alikuwa wa kiwandani, sio? Kwenye mitambo ya fezi tatu, kwa rangi za zamani, nyekundu, njano na bluu ni laivu tatu. Kwake yeye hizo zote ni moto. Na angeweka alama. Hawa wazee walikuwa wanazungushia tepu nyekundu, kama waya wa rangi nyingine unabeba moto."

Sikusema kitu. Vile vipande vitatu vilikuwa bado kwenye kikopo cha taka cha chumbani, vimejikunja, vimeshikana.

Baba hakuwa malaika katika hili. Leo fundi anayeacha boksi la chuma bila ethi ataambiwa arudie, na kijana alisema hivyo mbele yake, polepole. Ilikuwa 1987, kava zote zilikuwa za plastiki, waya ulikuwa adimu, akabana. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. "Bado," akasema, na mama akanitafsiria kwamba anasema ni kweli. Mama huzitofautisha bado hizo kwa sauti. Ana kama sita au saba. Nilimwuliza ile ya Jumamosi, nilipokuwa nafunga waya, ilikuwa ipi. Akasema hakuisikia, alikuwa jikoni.

Dima ya chuma dukani walikataa kuirudisha. Jumatano mzigo ukafika na basi: balbu, na dima ya plastiki nyeupe, haina uzuri wowote. Kijana akaniacha niifunge mwenyewe yeye akisimama nyuma yangu. Nyekundu katikati, kwenye kitovu. Njano na bluu kwenye matundu mawili yaliyobaki. Kabla sijafunga kava niliomba tepu nyekundu, nikazungushia ncha zote tatu upya. Kuangalia nyuma, baba alikuwa amenyoosha mkono wake wa kushoto na ameshika tochi, imeelekea kwenye boksi, na wala haikunimulika usoni.

Tulipowasha meni, baba akanionyesha mlango. Nikaenda nikasimama kwenye swichi ya mlangoni. Akainua kidole, nikabonyeza, taa ikawaka. Akabonyeza kirungu chake, ikazima. Kidole tena, nikabonyeza, ikawaka. Akabonyeza, ikazima. Swichi mbili zina hali nne, na fundi hazijaribu hali tatu akaondoka. Kisha akaiwasha, akazungusha kirungu taratibu kushoto, mwanga ukashuka bila kutetemeka na bila kulia, mpaka ukabaki ule wa chemli ya Muheza bibi akishalala.

"Sawa, baba?" nikamwuliza.

Alitazama juu, akafikiri. Halafu akaonyesha nyuma yangu, koridoni, kwenye ile taa iliyokufa tangu mwaka jana na hakuna aliyeigusa.

"Bado," akasema.